Njwiywila, korosho na digrii ya habari

Kijana anayesoma bei za minada ya korosho kwenye redio moja hapa Mtwara amepata nafasi chuo kikuu: miaka mitatu ya historia ya vyombo vya habari, nadharia, maadili na sera. Mjomba wake hataki. "Kutangaza unajua tayari. Historia inaliwa?"

Hoja yake ina uzito. Ada, chumba na nauli ya Dar es Salaam vitatoka kwenye mikorosho, na mwandishi wa wilayani hulipwa kidogo. Kanuni za 2017, zilizofuata Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa. Akiishia hapo, kazi anaipata. Tena nimefanya kazi na wahitimu waliokariri nadharia zote, lakini habari ya aya nne kuhusu kikao cha AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inawashinda.

Ila kwa historia simkubalii mjomba, hasa historia ya huku kwetu. Mwaka 1905 Wamatumbi wa Kilwa walisambaza habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kwa njia waliyoiita njwiywila, mnong'ono wa siri uliopita kijiji kwa kijiji bila Wajerumani kuung'amua, hadi pamba ya kulazimishwa ilipong'olewa Nandete mwezi Julai, vita vya Maji Maji vikaanza. Mnong'ono huo uliunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana pamoja. Huohuo uliwaaminisha kwamba risasi zitageuka maji.

Sasa njoo 22 Mei 2013. Vipeperushi vilikuwa vimeshazunguka, maduka Mtwara yakafungwa, watu wakatulia kusikiliza bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kutoka Dodoma. Waliposikia bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam linajengwa, mji ukawaka. Aliyeisoma njwiywila atajiuliza swali ambalo ujuzi wa kushika kipaza sauti haumfundishi mtu: kwa nini wananchi wanaamini kipeperushi kisicho na jina kuliko redio iliyo jirani yao?

Maadili nayo yana ugumu wake mjini kwetu. Bahasha ya rushwa inaonekana na inakataliwa. Kinachomtesa mwandishi ni kangomba, yaani ulanguzi wa korosho, pale anapogundua kwamba anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya kuwaumiza ni shemeji yake. Hapo anahitaji kuwa ameshabishana na wenzake darasani, mbele ya mwalimu asiyeogopa.

Kwenye nadharia nasitasita. Utafiti wa McCombs na Shaw kwa wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968, kuhusu vyombo vya habari vinavyoamua watu waone jambo gani ni kubwa, unafaa ikiwa mwalimu ataufikisha Newala: korosho hutawala taarifa wakati wa minada, je, mkulima akisubiri salfa, dawa ya mikorosho, nani anamtaja? Asipoufikisha, unabaki wa mtihani.

Sera haina mjadala mrefu. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona vifungu kadhaa vya sheria ile ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Mwandishi asiyefuatilia hayo hajui hata haki yake akizuiwa kazi.

Kwa hiyo nasema aende, mradi chuo kiwe na redio yake ya mazoezi. Shida ni kwamba vyuo hufunguliwa minada ikiwa ndiyo kwanza inaanza, fedha za korosho hazijaingia. Ukoo ukichangia malipo ya muhula wa kwanza, nami nitatoa changu.