Mawingu ya maneno kwenye ripoti, jamani!

Siku hizi kila ripoti ya utafiti inayoletwa kwenye mikutano yetu hapa Kisumu lazima iwe na lile wingu la maneno ya rangi rangi, ile picha ambayo neno lililotajwa zaidi huandikwa kubwa zaidi. Watu wa Nyalenda na Manyatta wameulizwa kuhusu maji, wakajibu kwa Kiswahili, halafu ukutani unaona nini? "Ya", "na", "kwa", "ni", makubwa kama bango la barabarani. Programu ilitengenezewa Kiingereza, vijineno vyetu haivijui, na mwenye ripoti hakujisumbua kuviondoa.

Akiviondoa, linabaki "maji". Sasa si swali lenyewe lilikuwa la maji?

Kinachoniuma zaidi ni malalamiko. Mmoja kaandika "hayatoki", mwingine "hayajatoka", mwingine "yanatoka usiku tu". Kwa programu vitenzi hivyo ni maneno matatu tofauti, kila moja limejitokeza mara moja, basi yanakuwa madogo au hayaonekani kabisa. Mama aliyesimama juani kumjibu karani hasikiki.

Halafu eti tulinganishe mitaa miwili kwa mawingu mawili! Kila wingu lina kipimo chake, na neno refu huonekana kubwa hata kama halikutajwa sana. Hesabuni neno limetokea mara ngapi katika kila maneno 1,000, mkusanye yenye mzizi mmoja, mchore pau za mitaa yote miwili kando kando. Na mtusomee majibu kadhaa mazima, jinsi yalivyoandikwa.