Ndevu za Pamba, Jua la Kunduchi

Nimeongezwa kwenye grupu. Sikuombwa ruhusa. Nilikuwa juu ya ngazi stoo nahesabu makopo ya rangi, nimefika kopo la 86, simu ikatetemeka mfukoni. Kuangalia, naambiwa nimo kwenye "KRISMASI YETU". Hesabu ikapotea, nikaanza tena kopo la kwanza. Sherehe bado wiki nne na tayari imeshanitia hasara.

Picha ya grupu ni mti wenye theluji. Theluji, jamani! Tuko Chang'ombe, bati la stoo limeiva kwa jua mpaka mjusi akitaka kulivuka anakimbia. Nchi nzima hii theluji ukiitaka uifuate kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu, na hata huko inazidi kupungua.

Mwenzenu ni mtunza stoo, mwaka wa 14 huu, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja kwa sababu bado nakula hapo. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kwa hiyo nikilalamikia pati ya kazini msinione mchawi wa furaha za watu. Nimefungua leja tu.

Tuanze na hayo maneno "kampuni imeandaa". Mwaka jana kampuni ilitoa ukumbi. Sisi tulitoa shilingi 50,000 kila kichwa, na 15,000 ya fulana. Fulana zenyewe nyekundu, zina kola, na zote zilikuja saizi moja. Dada wa mapokezi aliivaa kama gauni. Mimi niliivaa kama soksi.

Mweka hazina wa kamati alikuwa akibandika orodha ya michango kila alfajiri, watu hawajajibiana hata salamu. Aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani. Aliyetoa nusu anaandikiwa "amepunguza". Mimi namba 37 nilikaa pale siku tisa bila tiki, kama nguo ya ndani iliyosahaulika kwenye kamba. Mwishowe nikamkopa mzee wa getini. Yule ni mlinzi wa kampuni ya ulinzi, kwa hiyo pati yetu haimhusu, hachangi, na siku yenyewe alikuwa lindoni kwake analipwa. Mpaka leo nikimwamkia shikamoo, marahaba yake ina riba.

Mwaka 2015, Rais Magufuli alipozuia ofisi za serikali kuchapisha kadi za Krismasi na mwaka mpya kwa fedha za umma, nilikaa karibu na redio wiki nzima nikingoja tamko la pili, lile la sisi wa viwandani. Halikuja.

Basi. Turudi mwaka jana. Wiki moja kabla ya siku, kamati ikaniita. "Tumekaa, tumeona wewe ndiye unafaa kuwa Baba Krismasi." Nikauliza, kwa nini mimi? Wote wakaangalia chini. Lakini si chini kabisa. Macho yaliishia tumboni kwangu.

Jumamosi tarehe 20 Disemba, siku yangu ya kupumzika, nikatoka Chanika kwenda Kunduchi. Asiyeijua Dar achukue ramani aone: ni kama umeambiwa ukachote maji upande wa pili wa mji na kijiko. Kadi ilisema saa 8 mchana. Saa 8 kasoro nikaingizwa chumba cha nyuma, nikavikwa suti ya velveti nyekundu, kitambaa kile cha mapazia ya ukumbi. Ndevu walikuwa wamenunua pamba duka la dawa. Nikauliza zinashikaje. Kijana wa karakana akatoa kopo.

Ile gundi niliitambua. Ni gundi yetu ya mbao, kopo la lita 4, nililitoa mimi mwenyewe Alhamisi kwa vocha iliyoandikwa "matumizi ya ofisi". Nilitia saini bila kujua kwamba ofisi ni kidevu changu.

Halafu hili jambo la theluji na manyoya nimelifuatilia. Huyo Mtakatifu Nikolao ambaye habari yote imeanzia kwake alikuwa askofu wa Myra, karne ya 4, na Myra iko pwani ya kusini ya Uturuki ya leo. Pwani! Mtu wa bahari, wa jua na samaki. Angekuja Kunduchi angevaa kanzu nyepesi na kandambili. Waliomhamishia kwenye barafu wanajuana wenyewe, lakini bili imekuja kulipwa na mwili wangu.

Saa 8 nikatoka nje na kengele mkononi. Bosi hajafika. Saa 9, hajafika. Masufuria yale ya kung'aa yenye moto chini yamepangwa mstari, nimeyahesabu, 12, yamefunikwa, na harufu ya pilau inapita kati yetu kama mkaguzi. Hakuguswi kitu mpaka mgeni rasmi afike. Mgeni rasmi ni bosi. Bosi tunayeonana naye kila siku ya Mungu, Jumamosi hiyo kageuka mgeni, tena rasmi. Saa 10 pamba imeanza kulowa jasho, imekuwa nzito, inaning'inia upande mmoja kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikataka kuzivua. Hazivuki. Gundi ya mbao ikishakauka, wewe na mbao mmekuwa ndugu.

Alifika saa 12 jioni. Kadi zetu ziliandikwa "mtu mmoja", mama watoto nimemwacha nyumbani kwa sababu hiyo. Bosi alishuka na watu 7 nyuma yake. Mtoto wake wa mwisho aliponiona akapiga yowe: "Mama, zimwi!" Bosi akacheka, kwa hiyo tukacheka wote. Na mimi nikacheka, ndevu zikavuta ngozi.

Mnadhani tukala? MC akasema kwanza tufahamiane. Kila mtu ataje jina, kitengo, na jambo moja ambalo wenzake hawalijui. Watu 62! Hawa nawajua mpaka saizi za buti zao, maana ninayewagawia ni mimi. Jambo wasilolijua... ningesema nadaiwa na mlinzi? Nikasema napenda kuogelea. Sijui kuogelea. Kuanzia hapo mpaka usiku nikawa namwomba Mungu mtu asikumbuke kwamba nyuma yetu kuna bahari.

Tulikula saa 2 kasoro. Nyama kwenye pilau yangu, vipande vitatu, kimoja ni mfupa. Wenye kukaa meza ya mbele sikuwahesabia, nilijizuia.

Ndipo bosi akashika maiki na kusema yale maneno anayoyasema kila mwaka: "Leo hakuna bosi hapa. Leo sote ni ndugu. Mwenye la moyoni aseme." Sisi wazee wa kiwanda tukisikia hivyo tunaangalia sahani zetu. Lakini palikuwa na kijana mgeni, ana miezi mitatu kazini, bado ana imani na binadamu. Akasimama. Akashukuru kwa pilau, akaomba radhi kama atamkwaza mtu, kisha akauliza: malipo ya saa za ziada za mwezi wa nane yako wapi?

Ndugu zangu, mimi nimewahi kufungiwa stoo usiku umeme umekatika. Ukimya ule haukufika wa pale. DJ alizima muziki bila kuambiwa. Kaka mmoja wa uhasibu alikuwa na paja la kuku mdomoni, hakulitafuna, hakulitoa. Bosi akatabasamu, akasema, "Swali zuri sana, mdogo wangu." Kijana akakaa, uso umemng'aa. Januari akahamishiwa depo ya Tunduma, mpakani na Zambia. Boksi la kufungia vitu vyake nilimtolea mimi, kwa vocha.

Na hizo saa za ziada nilikuwa nazidai na mimi. Sikusimama. Nilikuwa na ndevu.

Kuponi za vinywaji zilikuwa mbili kwa mtu. Yule yule kaka wa uhasibu ni mlokole, bia haigusi, na hapo ndipo nilipojua kwa nini amewekwa uhasibu. Alifungua soko. Kuponi moja ya bia, vipande viwili vya kuku. Akiishiwa zake, anakusanya za walokole wenzake na za akina ustaadhi, anauza kwa niaba. Saa 3 usiku alikuwa na kichuguu cha kuku mbele yake, na kitengo cha usafirishaji kizima kinaimba. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, alimshika mkono mkuu wa manunuzi akamwambia mambo ya bei za vipuri yote, kwa sauti, mpaka namba za risiti. Jumatatu walipishana koridoni kila mmoja akisoma ukuta.

Kuvuta kamba sitaki kusimulia. Timu yetu tulikuwa 15, ya bosi 9. Tulijitahidi sana kushindwa.

Zawadi za siri: unaokota jina, unamnunulia mwenzako kitu kisichozidi 20,000. Nilikwenda Kariakoo, nikabanana na watu na jua lile, nikatoka na chupa ya chai nzuri, ina maua. Na mimi nikapewa yangu, imefungwa karatasi inayometameta. Kufungua: dayari. Dayari ya mwaka ule ule, imebakiza siku 11. Nyuma ina nembo ya watu wanaotuuzia vifungashio. Ziliingia stoo Januari, 200, nilizipokea mimi. Nikafunua ukurasa wa kwanza, palikuwa na namba za simu za mtu.

Muziki ukafunguliwa. Bosi akicheza hakuna anayekaa, na hakuna anayecheza vizuri kumzidi. Singeli inakwenda mbio, yeye anakwenda taratibu, sisi tunamzunguka kwa mwendo wake kama msiba. MC akapaza sauti, "Baba Krismasi katikati!" Dada wa mapokezi akasukumwa acheze nami. Picha zikapigwa. Picha hizo zilifika Chanika kabla yangu.

Kosta ya kuturudisha, kumbe iliondoka saa 4 kupeleka spika za DJ Sinza. Nikapanda bodaboda mpaka Mwenge, daladala mpaka Buguruni, nyingine Gongo la Mboto, huku kidevuni nina ndevu ambazo hazitaki kushuka kituo chochote. Konda ananitazama, anatikisa sarafu. "Mzee, Krismasi si Alhamisi? Mbona umewahi?" Gari zima likacheka. Abiria mmoja mama mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, usiwajibu, umechoka," nusura nilie.

Mama watoto alifungua mlango kwa tochi ya simu. Akanimulika kutoka kofia mpaka viatu. Hakutaja picha. Akauliza, "Umeniletea nini?"

Nikatoa dayari.

Akachemsha maji, akaleta mafuta ya nazi, akanikalisha kwenye kigoda uani, akaanza kulowesha pamba kidogo kidogo. Mkono mwepesi kabisa, nikajua nimesamehewa.

"Na mchango ulilipa?"

"Nililipa."

"Wote?"

Nikanyamaza. Akavuta.

Mshahara wa Disemba waliutoa tarehe 19, tule sikukuu kwa raha. Wa Januari ukatoka tarehe 31. Siku 43, nimehesabu, na katikati shule zimefunguliwa. Ada shule za serikali ilifutwa tangu 2016, nashukuru, lakini viatu, sare na madaftari havijapata taarifa. Mtoto wa kati alipofika darasani na dayari yenye nembo ya vifungashio, mwalimu akamuuliza kama baba yake ana kiwanda.

Sasa asubuhi hii mweka hazina ameandika kwenye grupu: "Baba Krismasi ni yule yule, suti iko stoo kwake." Watu 31 wakapiga makofi ya vidole, mmoja akaweka mbuzi.

Ni kweli iko. Nimeiingiza mwenyewe kwenye leja: suti ya Baba Krismasi, 1, hali nzuri. Iko rafu ya juu kabisa, ndani ya boksi. Na kitu kikishaingia kwenye leja yangu hakitoki bila vocha, labda kwa sababu mbili tu, moto au panya. Moto ni hatari, kuna rangi mle. Panya tunao, hata mkaguzi wa mwaka jana aliwaandika kwenye ripoti. Jana jioni kabla ya kufunga nimepanda ngazi, nikafungua kifuniko kidogo, nikaijaza suti karanga za kukaanga za shilingi 500, mfuko wa kulia na wa kushoto.