Gololi Iliyokwenda Ziwani Bila Nauli

Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, na katika kazi hiyo sijawahi kupunjwa kipimo. Kupunja, ndiyo, kidogo, Mungu anisamehe. Dagaa wakavu ukiwamimina polepole kutoka juu wanasimamiana ndani ya debe, linajaa mteja hajapepesa jicho. Ukilitikisa tu, wanashuka vidole vinne. Kwa hiyo debe langu silitikisi. Lishikeni hilo, tutarudi kwake.

Nyumba yangu iko Igogo, mlimani, kule ambako gari linaishia chini barabarani na kuanzia hapo kila kitu kinapanda juu ya kichwa cha mtu. Anayeijua Mwanza anajua: mawe yalitangulia, sisi tumejibanza katikati yake. Sebule ilikuwa na jamvi tu, zege alilolimwaga shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kwa bei ya undugu. Lilikauka likiwa na mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Tukakubaliana na mama watoto tumwage sakafu juu yake kabla mama mkwe hajaja kututembelea kutoka Sengerema.

Nikaita fundi. Akaingia mikono mitupu, hana futi wala pimamaji, akamwomba mwanangu mdogo gololi. Akaiweka kizingitini. Gololi ikafikiri kidogo, ikaanza safari yenyewe, ikaongeza mwendo, ikaenda kugonga ukuta wa upande wa ziwani, to!

"Mifuko 13 ya simenti," fundi akasema.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Fundi, unapima sakafu kwa gololi?"

Nikaleta futi yangu na simu yenye kikokotoo. Sebule mita 4 kwa 5, eneo mita za mraba 20. Unene, fundi mwenyewe alisema, sentimita 5. Zidisha: mita ya ujazo 1. Moja kamili, haina hata mkia! Hesabu ikitoka safi namna ile inampa mtu kiburi. Mchanganyiko ni simenti moja kwa mchanga nne, jumla sehemu tano, kwa hiyo simenti ni lita 200 na mchanga lita 800. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 hivi. Gawanya: 5.7.

"Mifuko 6," nikatangaza. "Na itakayobaki utaondoka nayo."

"Bosi, vitu vikavu vikikutana na maji vinakaa chini. Ongeza theluthi. Halafu hiyo sentimita 5 ni ya hapa mlangoni. Kule kona kuna..."

Sikumsubiri. Mimi nimezeeka mwaloni. Mtu akianza kuniambia "ongeza", mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa pesa kuuziba.

Mchanga ulikuja asubuhi baada ya mvua ya usiku. Vijana wakaupandisha kwa ndoo za lita 20, nami nikasimama mlangoni na kipande cha mkaa nachora mistari ukutani: ndoo 40, hakuna hata moja iliyoruka. Kijana mmoja aliponiletea ndoo isiyofika ukingoni nilimrudisha chini. Nilijiona meneja wa bandari.

Fundi na saidia fundi wake wakaanza kwenye kona ya ziwani ili wamalizie mlangoni. Wakapiga kamba, wakapima levo kwa mpira wenye maji. Hapo ndipo ugonjwa ulipotajwa jina: mlangoni sentimita 5, kona ya ziwani 11. Shemeji alikuwa amenijengea uwanja wa kuteleza.

"Wastani ni sentimita 8," fundi akasema bila kuniangalia. "Siyo moja tena hiyo. Ni 1.6."

Nikajifanya napokea simu.

Wakachanganya, wakamwaga, wakanyoosha kwa ubao. Kabla ya saa sita mchanga ukakata. Sakafu ilikuwa imetoka ukutani mita moja na kitu, ikakoma wima, ngazi ya sentimita 9. Na simenti? Imebaki, tena zaidi ya mfuko mzima. Nikaruka juu. "Mchanga umeibwa! Ndoo 40 nimezihesabu mwenyewe!"

Fundi hakubishana. Akatoka nje, akakwangua mchanga uliobaki chini, haukutosha. Akaenda kwa jirani kuomba ndoo moja ya mchanga ulionyeshewa usiku uleule. Akaiweka mbele yangu, imejaa hadi ukingoni. Akachukua jagi la maji akaimiminia taratibu, akaigonga ubavuni. Mchanga ukaanza kuzama. Ukazama, ukazama, ukasimama vidole vinne chini ya ukingo.

"Mchanga mbichi umejaa hewa, bosi. Unyevu unazifanya chembe zisimamiane. Ni kama dagaa wenu wale."

Saidia fundi akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Zamani ningekuwa na muda wa kurekebisha mambo. Mgeni wa kutoka Sengerema alikuwa anapitia kivuko cha Busisi, anakaa kwenye foleni, anapiga simu mara tatu, na wewe unapata nafasi hata ya kupaka rangi. Lakini Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji. Nalisifia sana, isipokuwa siku ile. Nikiwa bado nimeinamia ndoo, nikasikia nyuma yangu, "Hodi humu."

Mama mkwe, kitenge kipya, kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kichwani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Mbona kiza?"

Akaingia moja kwa moja kutoka juani, macho hayajazoea, anaelekea dirishani atue mzigo. Sasa niambieni ninyi: mkwe wa kiume anamkatazaje mama mkwe? Neno "usikanyage" lilinijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema, "Karibu, mama... karibu... taratibu... karibu kiti..." Kiti chenyewe kilikuwa uani.

Akaiona ile ngazi. "Oho, mmejenga na jukwaa," akasema kwa furaha, akapanda.

Mguu wa kwanza ulizama hadi kisiginoni. Wa pili ukaja kuusaidia. Kiroba kikaanguka, michembe ikatawanyika juu ya kazi ya asubuhi nzima, na aliponyanyua mguu kandambili ikakataa kutoka. Ikasikika *fwap*. Tukanyamaza wote. Fundi akamshika mkono kwa adabu kubwa akamshusha.

"Nani amemwaga sakafu mbovu namna hii?" akauliza.

Fundi akaniangalia. Mimi nikamwangalia mama watoto. Mama watoto, ambaye anajua vizuri jamvi la chini limemwagwa na nani, akasema, "Mama, twende uani nikuoshe miguu."

Jioni nilinunua mifuko 7. Sita na saba, fanyeni hesabu wenyewe. Mchanga nikauagiza mkavu, nikausimamia unapomwagwa na kugongwa, vijana wakanichukia hadi leo. Sakafu ilikamilika kesho yake, ila pale siku ya kwanza ilipokutana na ya pili pamechora ufa mwembamba, tumepalalia mkeka. Nyayo zilizibwa. Kandambili ilipatikana, lakini mkanda umekatika.

Wiki iliyofuata fundi alikuja mwaloni kununua dagaa. Nikamjazia debe kwa ule ufundi wangu, polepole, kutoka juu. Alisubiri nimalize. Kisha akalishika kwa mikono miwili, akaligonga chini mara tatu, akalirudisha mbele yangu bila neno.

Nikaongeza theluthi.