Miller's Dale: reli irudi, au njia ya waenda kwa miguu ibaki?

Kituo cha Miller's Dale, katika bonde la mto Wye huko Derbyshire, Uingereza, kilifunguliwa na kampuni ya Midland Railway mwaka 1863 na kikafungwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata treni zilikoma kabisa kupita hapo, reli zikang'olewa, na baadaye tuta la reli likageuzwa kuwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iitwayo Monsal Trail. Wapo wanaodai reli kati ya Matlock na Buxton irudishwe, na wapo wanaoikataa hoja hiyo katakata.

Kwanza tujiulize kwa nini kijiji kidogo namna ile kilipewa kituo chenye majukwaa matano, na ofisi ya posta papo hapo jukwaani. Haikuwa kwa ajili ya wanakijiji. Abiria waliotoka London au Manchester kwenda Buxton, mji uliosifika kwa maji yake ya tiba, walibadilishia treni hapo, na shughuli zilizidi hata mwaka 1905 likaongezwa daraja la pili ubavuni mwa lile la kwanza. Kituo kiliishi kwa wapita njia, na njia kuu ya reli ilipokosa kazi kilikosa mtetezi.

Wanaotaka reli wana hoja nzito. Treni za abiria kutoka kusini huishia Matlock, na treni za mawe ya chokaa kutoka machimbo ya karibu na Buxton, hata zile zinazopeleka shehena kusini, hulazimika kwanza kuelekea kaskazini na kuzunguka. Isitoshe, wageni wengi wa hifadhi ya taifa ya Peak District huja kwa magari yao, na barabara nyembamba za mabonde yale hazikujengwa kwa wingi huo. Utafiti wa halmashauri ya Derbyshire wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa reli inaweza kujengwa upya, ila gharama yake haikulipa kwa wakati ule. Ukashauri tuta lilindwe. Ushauri huo ulikuwa wa busara, kwani ardhi ikishamegwa vipande haikusanyiki tena.

Hata hivyo, tangu mahandaki ya reli hiyo ya zamani yalipofunguliwa kwa waenda kwa miguu mwaka 2011, Monsal Trail imepata thamani ambayo haikuwa nayo awali. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuvuka daraja la matao la Monsal, mto ukiwa chini yake kabisa, kisha akaingia handakini penye ubaridi na taa ukutani, asikutane na mlima hata mmoja. Katika nchi ya miinuko mikali kama ile, utambarare huo ni zao la wahandisi wa reli wenyewe, na hakuna barabara ya kijiji inayoufikia.

Watetezi wa reli huahidi njia mbadala kwa wanaotembea. Hapo ndipo ninapositasita, kwa sababu bonde ni jembamba, na mahandaki yaliyochimbwa kwa ajili ya treni hayawezi kupitisha treni na watoto wa baiskeli kwa pamoja. Treni nyingi zingepita Miller's Dale kwa kasi bila kusimama, ilhali wanaotembea leo huja kwa ajili ya bonde lenyewe. Kwa hiyo, hadi iletwe ramani ya njia mbadala iliyo tambarare kama hii, naona tuta libaki kwao, likiwa zima, bila kujengewa chochote.