Bluboneti ipi? Texas ilijibu: zote

Wapenda maua wa Texas wana kichekesho wasichochoka kukirudia. Mwaka 1901 Bunge la jimbo hilo la Marekani lilitangaza bluboneti, ua la porini la buluu, kuwa ua lake rasmi, kisha likaandika jina la kitaalamu la ndugu asiyetarajiwa. Badala ya Lupinus texensis, ile ya buluu iliyokolea inayofunika vilima vya katikati ya jimbo kila Machi na Aprili, azimio lilitaja Lupinus subcarnosus, ndogo na hafifu, mkazi wa mchangani. Watu wakabishana miaka 70. Mwaka 1971 Bunge likamaliza ubishi kwa kukataa kuchagua: zote mbili ni ua la jimbo, pamoja na bluboneti nyingine yoyote ambayo ilikuwa haijarekodiwa.

Wanasiasa hao, watu husema, wanaogopa hata maua. Hoja si ya kupuuza. Nembo kazi yake ni kutambulisha kitu kimoja, na inayokumbatia kila kitu haitambulishi chochote. Tena kuupa hadhi mmea ambao hakuna aliyeuona ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini turudi 1901. Bungeni hakuna aliyekuwa akibishania spishi. Mmoja alitaka ua la pamba, zao lililolisha jimbo. John Nance Garner, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alitetea mpungate kwa nguvu hadi jina la mmea huo likamganda kama jina la utani maisha yake yote. Akina mama wa chama kimoja wakaleta bluboneti, wakashinda. Walicholeta ni ua walilolijua kwa macho. Kilatini kilikuja kama karani anavyojaza fomu.

Na hebu ziangalie zote mbili kwa karibu. Texensis ina kilemba cheupe kwenye ncha ya shada, na vijani vyake vimechongoka. Ya mchangani haina kilemba, vijani vyake vimeviringa. Ukiwa ndani ya gari huoni hayo, lazima upige magoti. Ukishapiga magoti utaona jambo lisiloulizwa na azimio lolote: doa jeupe katikati ya ua changa hugeuka zambarau-nyekundu likizeeka, na nyuki hulipita bila kutua. Nyuki husoma doa, si jina la Kilatini. Sisi wenyewe tunaita mchicha mimea kadhaa tofauti, na sijasikia muuza mboga akishtakiwa kwa hilo.

Kuna pia watu wa Big Bend, magharibi kwenye jangwa, ambako humea Lupinus havardii, yenye mashina yanayoweza kukaribia mita moja. Kabla ya 1971, mtoto wa huko aliyechuma bluboneti nyuma ya nyumba yao alikuwa ameshika, kisheria, ua la kawaida tu. Uteuzi wa spishi moja, hata ile "sahihi", ungemwacha palepale.

Ndiyo maana kile kifungu cha "haijarekodiwa" kinachochekwa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bunge lilikiri kwamba nchi hiyo ina vitu lisivyovijua, na likaviwekea kiti mapema. Ni mara ngapi umeona watunga sheria wakikiri hivyo?

Wakosoaji wananibana mahali pamoja, nami sina jibu zuri. Idara ya barabara ya Texas humwaga kama paundi 30,000 za mbegu za maua ya porini kila mwaka, yaani zaidi ya tani 13, na bluboneti inayotawala kandokando ya barabara kuu ni texensis. Familia husimamisha magari hapo, zikaketisha watoto katikati ya ile buluu na kupiga picha. Kwenye azimio zote ni sawa. Kwenye picha hizo kuna moja tu, na ile ndogo ya 1901 imebaki mchangani kwake.