Hata Mimi Nimechoka

Nikisema nimechoka, jibu ninalopewa mara nyingi ni hili: "Hata mimi nimechoka." Hutolewa kwa nia njema. Anayelitamka hudhani ananiliwaza, kwamba tumo jahazi moja. Kwa miaka minne nimelisikia kazini, nyumbani, kwenye simu, na mara moja kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, tena bila kuinua macho kwenye karatasi aliyokuwa akiandika.

Ugonjwa wangu ni wa kawaida mno: upungufu wa homoni za thairoidi, ile tezi iliyoko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, yenye umbo la kipepeo na uzito wa kama gramu 20. (Wapo wanaoiita dundumio. Neno tamu, ila sijapata kumsikia mgonjwa mwenzangu akilitumia. Sisi husema tu "tezi".) Ndiyo inayoupangia mwili mwendo: moyo udunde vipi, tumbo lisage kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani. Ikizembea, kila kitu kinazembea nayo.

Niseme asubuhi moja tu, ya kabla sijajua naumwa nini. Nimelala usiku kucha bila kushtuka. Nimeamka, nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja nimeivaa, ya pili iko mkononi. Nikaitazama. Sikuwa na huzuni wala usingizi. Nilikuwa napiga hesabu: nikiinama kuivaa, nguvu za kuinuka zitabaki? Dakika 20 zikapita hivyo. Siku hiyo nilikwenda kazini na kandambili.

Sasa hebu jaribu kumweleza mtu hilo. Utasema "nimechoka", kwa sababu ndilo neno lililopo. Utasema nasikia baridi, nasahau, nimenenepa, nywele zinakatika, ngozi imekauka, choo napata kwa tabu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo msikilizaji hajawahi kulipata. Hapo ndipo ninapoona kiini cha shida yetu. Ugonjwa huu hauna msamiati wake. Umeazima maneno ya kila mtu, na kila mtu akiyasikia anadhani anazungumziwa yeye. Aliyevunjika mguu ana plasta ya kuonyesha. Mimi nina sweta, nimelivaa mchana wenzangu wakiwa wamewasha feni, na sweta halimtishi mtu.

Kipimo kilichonitegua kitendawili kinaitwa TSH. Hiyo ni homoni inayotolewa na tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuibishia hodi thairoidi ianze kazi. Thairoidi ikiitika, hodi inakuwa ya upole. Isipoitika, anayebisha anazidi kugonga, na namba inapanda. Kwa mtu mzima namba hiyo kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Yangu ilikuwa 38. Mlango ulikuwa unataka kuvunjwa, na mimi ndani nilikuwa najiita mvivu.

Chanzo kwangu ni kinga ya mwili kuishambulia tezi kana kwamba ni adui. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912, akiwa amechunguza tezi za wanawake wanne, na mpaka leo unabeba jina lake. Sisi wanawake unatupata mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Kwa nini hasa mwili ugeukie kiungo chake wenyewe, nilipouliza, nilijibiwa kwa mabega.

Dawa ipo, nayo ni nzuri. Kila siku nameza mikrogramu 75 za levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Nilikaa nikakokotoa: gramu moja tu ya dawa hiyo ingenitosha kwa zaidi ya miaka 36. Ni kidogo kiasi hicho, na bila hicho kidogo mtu hainami kuvaa soksi. Lakini ina masharti yake. Nameza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha nasubiri nusu saa au zaidi kabla ya kahawa. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu nikivihitaji, nakaa saa nne mbali navyo. Kipimo cha dawa kikibadilishwa, wiki sita hadi nane hupita ndipo damu inapimwa tena, kwa sababu homoni hii hujikusanya na kupungua mwilini polepole. Kwa hiyo anayeniuliza siku ya tatu, "Si umeanza dawa? Bado tu?" namwelewa, ila sina la kumjibu.

Washauri nao hawakosekani. Mmoja aliniambia niongeze madini joto, kwa kuwa bibi yake alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, na hayo ndiyo yaliyomfaa. Huenda ni kweli kwa bibi yake. Kwangu mimi tezi haikosi madini joto, inashambuliwa, na madini hayo yakizidi yanaweza hata kuniharibia zaidi. Mwingine alinisihi niache dawa nisije nikaizoea. Huyo nilimsimulia kisa cha mwanamke mmoja Mwingereza aliyetibiwa mwaka 1891 na daktari George Murray kwa kudungwa maji ya tezi za kondoo. Alikuwa na miaka 46 na hali mbaya. Aliishi miaka 28 zaidi, na kwa muda huo zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Kama ni kuizoea dawa, basi naomba niizoee vivyo hivyo.

Na uzito. Tezi iliyolegea huongeza kilo chache, sehemu kubwa ikiwa maji na chumvi. Hilo nimelisoma na ninalikubali. Siwezi kuitupia tezi kila nguo inayonibana. Wala sidai kila uchovu wangu unatoka shingoni. Kuna siku nimejificha nyuma ya ugonjwa kukwepa shughuli ya ukoo, na najua waliojua.

Lakini kabla sijawalaumu wengine, lipo la kwangu. Mama yangu, tangu nina akili, alikuwa mtu wa sweta. Alikuwa akisinzia kwenye kiti kabla ya magharibi, na sisi watoto tulimwita "Bibi Blanketi", naye akicheka pamoja nasi. Majibu yangu yalipotoka, daktari aliniuliza kama yupo wa damu yangu mwenye dalili kama hizi, maana huwa zinafuatana katika familia. Nilinyamaza kwanza. Mama akapimwa. Hodi yake ilikuwa inagongwa kwa miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu, na mimi niliyeishi naye nyumba moja ndiye niliyembunia lile jina.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa, lakini siwaombi watu walale kitandani kwangu. Hata mimi nisiyejua kunguni wa mama ningeweza kumwuliza swali moja, na sikuuliza. Siombi pole kila saa, wala mashauri. Vipimo vyangu siku hizi viko sawa, siku nyingi niko sawa, ingawa wapo wachache kati yetu ambao namba hurudi mahali pake na uchovu ukabaki, na hao huumia mara mbili, kwa sababu hata karatasi ya maabara inawakana.

Mwenzangu mmoja kazini, yule aliyekuwa bingwa wa "hata mimi nimechoka", siku moja nilimkuta anakula peke yake nikamweleza habari ya soksi. Hakusema kitu. Wiki kama mbili baadaye niliegemeza kichwa mezani, akaniuliza, "Ni uchovu wa kawaida au wa tezi?"

Nikafikiri kidogo. "Wa kawaida," nikamwambia.

"Basi inuka tumalize hii ripoti."