Mwenzangu Alivyobebwa na Matatu ya Kakamega

Kwa wasiotujua, wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ni wale vijana wa shati jeupe, tai na beji nyeusi kifuani, watu wanatuita Mormon. Sheria tunazo nyingi sana ila moja ndo mama yao wote: huachani na mwenzako. Miaka miwili mizima. Mnaamka pamoja saa kumi na mbili na nusu, mnasoma pamoja, mnakula pamoja, akienda kununua nyanya na wewe unaenda kununua nyanya, umuone na umsikie saa zote, unamkwepa chooni tu na hapo pia unasimama karibu.

Mi mtoto wa Temeke nikatumwa Kisumu, mwaka 2019, nikapangiwa jamaa wa Utah, mrefu, mpole kupita kiasi. Kiswahili chake chote alikiokota kwenye masomo yetu ya kufundishia watu, kwa hiyo "upatanisho" na "urejesho" anazitema bila kusita, lakini mwambie aagize chapati mbili uone anavyotoka jasho.

Sasa siku hiyo tuko Kondele, jua la Kisumu mnalijua, tunaenda Mamboleo kwenye familia moja. Pesa anashika yeye, simu nashika mimi, maana tulikuwa na simu moja kwa wawili. Ikaja matatu ya Kakamega haijasimama hata vizuri, konda kamwona mzungu, kamdaka mkono, "ingia pastor, kiti ni kimoja kinakungoja!" Mwenzangu ni mtu wa kutii, akainama akaingia. Mi nainua mguu nifuate nisimame hata mlangoni, konda kagonga bati mara mbili, gari hilo! Nikakimbia tai ikiwa begani mpaka pumzi ikakata. Kitu cha mwisho nilichoona ni mwenzangu kwenye kioo cha nyuma ananipungia mkono kwa heshima zote, kama harusi.

Nikabaki Kondele. Sina shilingi. Simu ninayo ila wa kumpigia ni nani, simu yake si ndo hii niliyoshika?

Shida ya Kisumu ni kwamba wote wanatujua tuko wawili wawili. Sijapangusa hata jasho nikasikia, "yawa, leo Mormon ni mmoja!" Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja wa kibanda akanivutia benchi akanimiminia chai ya maziwa inafuka, nikamwambia asante mama lakini chai sisi hatunywi, kwetu ni mwiko chai na kahawa. Akaniangalia kwa huruma, "kumbe ndo maana mwenzako ametoroka." Akanipa uji. Kijana wa boda akajitolea anipeleke nimfukuzie matatu bure kabisa, nikamwambia misheni yetu haituruhusu pikipiki. Akauliza sasa mnaruhusiwa nini, si nasikia nyinyi mnaoa wake wengi? Nikamwambia hilo kanisa liliachana nalo 1890. Akawasha pikipiki yake akaondoka.

Nikampigia kiongozi wetu wa wilaya, naye ni kijana mwenzetu tu wa miaka ishirini. Akakaa kimya, afu nikasikia kicheko kimefunikwa na kiganja. Akaniambia nisitikisike hapo nilipo, akamtuma muumini mmoja wa tawi, fundi viatu, aje awe mwenzangu wa muda ili sheria isivunjike zaidi. Mzee akaja na sindano yake na kiatu kimoja cha mteja, akakaa, akaendelea kushona.

Hapo ndo simu ikaanza kuita.

Tuna vile vikadi vya kugawa, picha ya Yesu mbele, namba yetu nyuma. Wa kwanza alikuwa mwanaume, "haloo, nimeshuka hapa Kiboswa, kuna mzungu amenipa kadi, mnafanyaga ibada saa ngapi?" Nikasema saa ngapi tutaongea baba, huyo mzungu ameshuka? "Hapana, anafundisha." Baada ya muda dada mmoja, yeye kashuka Majengo, anataka kujua kama tunaombea watu wa mitihani. Mzungu je? Bado yuko ndani, sasa hivi anaimba. Wa tatu alipiga kutoka Mbale, hii ya Vihiga si ya Uganda, na hapo nikaishiwa nguvu, maana Kisumu iko kusini ya Ikweta na Mbale iko kaskazini. Sheria inasema niwe namwona na kumsikia, na sisi kila mtu yuko nusu yake ya dunia.

Kilichotokea ndani ya gari nilikuja kukijua baadaye. Konda alimuuliza, "unaenda wapi?" Basi tu. Na sisi tuna somo moja kubwa linaanza na maswali matatu: tulitoka wapi, kwa nini tuko hapa, na tunaenda wapi baada ya maisha haya. Jamaa akajua Roho amemgusa konda. Akafungua begi, akaanza somo mwanzo, Mamboleo ikapita huku yuko bado kwenye tulitoka wapi.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa Kanisa la Friends, ndo hao Waquaker, aliyekuwa anashuka Chavakali. Huko Waquaker wa Marekani walifika Kaimosi tangu 1902, kwa hiyo Mmarekani asiyejua aendako hakumshangaza hata kidogo. Alimshusha, akampeleka kwake, akamlisha ugali na kuku, akamrudisha stendi akamkabidhi kwa dereva wa Kisumu mkono kwa mkono, na maagizo kwamba huyu hashuki popote mpaka Kondele hata akisema nini.

Magharibi gari likasimama mbele ya kibanda. Kashuka anang'aa, shibe usoni, jogoo mzima kwapani, miguu imefungwa kamba. Mi nina uji tu tumboni. Nikamuuliza kwa nini hakushuka Mamboleo, akasema, "sikuwa nimemaliza somo."

Jumatatu nikampigia mama. Kabla ya Februari mwaka huo nyumbani tulikuwa tunapiga Krismasi na Siku ya Akina Mama tu, ikawa sasa kila wiki, na siku hiyo nilitamani wasingebadilisha. Mama alicheka mpaka majirani wakaingia, kila anayeingia nasimulia upya.

Jogoo alikaa uani kwetu, alfajiri anatuamsha kabla ya ratiba. Na usiku mmoja, saa nne na nusu imefika, taa tumeshazima, simu ikaita namba ngeni. Sauti nzito, nyuma yake muziki wa matatu.

"Pastor, ni mimi konda. Huyo mwenzako alishukishwa Chavakali akiwa hajamaliza. Sasa tukikufa tunaenda wapi?"